Mwanangu Hakuwa Mwongo

Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwa Fundi. Mganga Mkuu mwenyewe ndiye aliyeitoa kifuniko, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kutia saini, chini kabisa ya karatasi, penye mstari wa nukta nukta.

"Ni utaratibu tu, Fundi," alisema kwa sauti ya upole. "Ukishasaini, mwili mnaupata saa hii hii. Hata gari letu litawapeleka mpaka nyumbani."

Fundi hakuwa amelala wala kutia kitu mdomoni tangu jana yake, saa ile alipoitwa kutoka kwenye benchi la kusubiria akaambiwa kwamba mkewe, aliyeingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake mwenyewe kutolewa uvimbe kwenye kizazi, "ameshindwa kurudi". Ndivyo walivyomwambia, ameshindwa kurudi, kana kwamba alitumwa dukani akapotea njia. Masikio yalikuwa yakimvuma kama mtu aliyeshinda akikata vyuma kwa grenda mchana kutwa. Kwa hali aliyokuwa nayo, angesaini hata hati ya kuuza nyumba.

Kaka yake mkubwa, aliyesimama nyuma yake, akamgusa bega. "Saini tumalize, mdogo wangu. Watu wanatusubiri nyumbani."

"Imeandikwa nini?"

Aliyeuliza alikuwa mama mkwe. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni, mkoba mapajani, na tangu waingie hakuna aliyekuwa amemsemesha.

"Maelezo ya kawaida, Mama," Mganga Mkuu alisema.

"Sikuuliza kama ni ya kawaida. Mimi kusoma sijui. Nisomeeni."

Mganga Mkuu akatazama saa yake. Kaka akajikohoza. Basi Fundi akaivuta karatasi karibu, akaanza kusoma, mwanzoni haraka haraka, kisha polepole, kisha akasita. Karatasi ilisema kwamba marehemu alikuwa na ugonjwa wa moyo wa muda mrefu, kwamba aliwaficha wataalamu ugonjwa huo alipohojiwa kabla ya upasuaji, na kwamba familia imeelezwa, imeelewa na imeridhika.

"Aliwaficha," mama mkwe akarudia. "Mwanangu?"

"Hutokea, Mama. Wagonjwa wengine huogopa kwamba upasuaji utaahirishwa, kwa hiyo—"

"Mwanangu akikohoa mara moja huitangazia nyumba nzima. Akijichoma sindano, majirani watajua kabla damu haijakauka. Mume wake huyu hapa, muulize. Huyo ndiye wa kuficha moyo?"

"Mama, huu si wakati wa kubishana."

"Mimi sibishani, nakwambia. Mwanangu hakuwa mwongo. Weka kalamu chini, baba."

Baba aliyeambiwa hivyo alikuwa Fundi. Akaiweka kalamu chini. Hakujua kwa nini, ila alihisi kama mtu aliyeshikwa mkono akiwa anaingia barabarani bila kutazama.

Mganga Mkuu akasema, upole umeshampungua, kwamba bila saini mwili hautoki.

"Basi usitoke," mama mkwe akajibu. Akanyanyuka, akaichukua ile karatasi mezani, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba wake mbele ya macho yao wote, akatoka.

Walipomfuata walimkuta ameketi sakafuni kwenye mlango wa chumba cha maiti, miguu ameinyoosha, mgongo ameuegemeza ubao wa mlango. Wahudumu walikuja na machela, wakashindwa kupita. Mlinzi akaja, akachutama, akambembeleza. "Mwanangu, wewe fanya kazi yako," alimwambia, "nami nafanya yangu." Watu waliokuja kuchukua maiti wao wakaanza kujaa ukumbini wakiuliza kulikoni, naye akawa anawaeleza mmoja mmoja, bila kupaza sauti, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kaka alitamani ardhi impasukie. Lakini ilipofika saa nane mchana mwili ukatoka, na ule mstari wa nukta nukta haukuwa na jina la mtu.

*

Walimzika. Wageni wakaja, wakakaa, wakaondoka. Ila neno "aliwaficha" lilikuwa limeshatoroka hospitalini na kuingia mitaani, likawa linatembea lenyewe. Sokoni watu walisema, kumbe masikini alikuwa na moyo. Kazini kwa Kaka walisema mwanamke akipenda siri hufa na siri zake. Siku ya nne baada ya kurudi shule, binti wa Fundi, aliyekuwa mwaka wa mwisho, aliingia nyumbani akatupa begi na kusimama katikati ya sebule.

"Baba, mwalimu ametufundisha leo umuhimu wa kumwambia daktari ukweli. Akatoa mfano. Hakutaja mtu, lakini darasa zima liligeuka kunitazama."

Fundi aliliokota lile begi, akaliweka kitini. Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia yeyote: ni yeye aliyemhimiza mkewe aende. Mkewe alikuwa akisitasita, naye akamwambia ni kitu kidogo, saa moja tu, utarudi mwepesi. Kila alipofumba macho aliisikia sauti yake mwenyewe ikisema saa moja tu.

"Na wewe ulifanyaje?" mama mkwe alimuuliza mjukuu wake kutoka jikoni.

"Nilinyamaza, Bibi."

"Ni sawa. Ila usizoee."

Wiki mpya ilipoanza Fundi alienda hospitali kuomba faili la mkewe. Hakuwa mgeni pale. Yeye ni fundi wa kuchomelea, na nusu ya vitanda vya hospitali ile vilisimama kwa sababu ya mikono yake. Angeweza kukwambia ni kipi alichokiunga mguu na ni kipi alichokiwekea reli mpya. Wahudumu walikuwa wakimwita kwa mbali, wakimtania kuhusu macho yake mekundu. Safari hii walimsalimia wakiangalia viatu vyao. Jumatatu aliambiwa faili liko kwa mtunza kumbukumbu. Jumatano, mtunza kumbukumbu akasema liko kwa Mganga Mkuu. Ijumaa, karani wa Mganga Mkuu akasema kuna ukurasa unachapwa upya, arudi wiki ijayo.

"Ukurasa wa mtu aliyekufa unachapwa upya kwa nini?" Fundi aliuliza. "Kuna jipya alilofanya?"

Karani akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Wiki iliyofuata hakuhitaji kwenda, hospitali ilimfuata. Ofisa wa stoo, mtu mnene mcheshi aliyekuwa akimletea kazi kila mara, alifika karakana akiwa na bahasha kubwa ya kaki chini ya kwapa. Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akazitoa pole zake, kisha akafungua bahasha. Ilikuwa michoro ya jengo jipya la wodi. Madirisha yote, milango ya chuma, reli za ngazi. Kazi ya mwaka mzima.

"Mganga Mkuu kasema kazi hii hakuna mwingine wa kupewa ila wewe," alisema. "Hata zabuni haitangazwi. Ni kuanza tu."

Kaka alikuwepo, alikuwa amepita kumjulia hali. Macho yalimtoka. Fundi akainamia michoro. Kama fundi, hakuweza kujizuia: kwa kutazama tu alishaona ni vyuma vingapi, ni vijana wangapi wa kuajiri, wapi pa kuanzia. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye penseli iliyochomekwa sikioni.

"Na mimi natakiwa nifanye nini?" aliuliza.

"Hakuna. Ufanye kazi tu." Ofisa wa stoo akacheka kidogo, akaacha. "Na hayo mambo ya faili, sasa... faili litakurudishia nini, Fundi? Yaliyopita yamepita."

Fundi aliikunja michoro taratibu, akairudisha kwenye bahasha. "Mwambie nashukuru. Mwambie naomba kwanza faili la mke wangu. Madirisha baadaye."

"Unajua akisikia hivyo, hata vile vitanda hutaviona tena?"

"Najua."

Alipoondoka yule, Kaka alilipuka. Alimuuliza kama amerukwa na akili. Alimwambia kwamba maiti hafufuki kwa faili, kwamba ana binti wa kusomesha, kwamba kikongwe mmoja asiyejua kusoma amemtia maneno kichwani. "Unashindana na hospitali! Kesho ukiugua utatibiwa wapi?"

"Hilo ndilo linalonitisha, Kaka," Fundi alisema. "Kwamba nitatibiwa pale pale."

*

Ilikuwa adhuhuri, siku chache baadaye, mwanamke mmoja alipoingia karakana na kiti cha chuma kilichovunjika mguu. Hakuwa na sare, na Fundi hakumtambua mara moja. Alipoinama kukiangalia kile kiti aliona kimekatwa kwa msumeno, juzi au jana. Chuma kilikuwa bado kinang'aa. Akainua macho.

"Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji," yule mwanamke alisema. "Endelea kufanya kazi. Washa hiyo mashine yako, watu wapitao wasitusikie."

Fundi akawasha grenda, akaigusisha chuma. Muuguzi akasogea karibu.

"Nilikuwepo siku ile. Ilikuwa chumba cha pili. Mkeo hakuwa na moyo mbovu, moyo wake ulikuwa mzima kama wa ng'ombe, samahani kusema hivyo. Hewa iliisha. Mtungi wa oksijeni ulikwisha katikati ya kazi na hakuna aliyejua, kwa sababu geji inayopima kilichobaki ilikuwa ikisema nusu. Geji ile imekwama. Ni miezi sasa, inasoma nusu daima. Tulipogundua, tukakimbilia mtungi wa akiba wodi ya jirani. Ulipofika..."

Fundi aliizima grenda bila kujua. Muuguzi akaionyesha kwa kidole, naye akaiwasha tena.

"Alisikia maumivu?"

"Hapana. Alikuwa usingizini kabisa. Hilo nakuapia."

Fundi aligeuka akatazama ukutani mahali ilipoegemea mitungi yake mwenyewe, ule wa oksijeni na ule wa gesi, yote miwili imefungwa mnyororo, kila mmoja na geji yake. Kila asubuhi, kwa miaka yote hiyo, kabla ya kukata hata kipande cha bomba, aliziangalia zile geji. Na bomba likiharibika unanunua lingine.

"Niliandika," Muuguzi aliendelea. "Kuna daftari la kasoro la chumba cha pili. Niliandika mara tatu. Ukiulizia faili watakuzungusha mpaka uzeeke, kwa hiyo ulizia daftari. Na mtafute dereva wa lori la mchanga anayekaa nyuma ya kiwanda cha matofali. Mtoto wake alikufa chumba hicho hicho miezi miwili kabla ya mkeo. Alikwenda kutolewa mafindofindo."

"Kwa nini unaniambia mimi? Dereva hukumwambia."

Muuguzi aliona haya. "Sikuwa na ujasiri. Halafu siku ile nikamwona mama yule amekaa chini mlangoni pa maiti, na sisi wenye shahada tunampita pembeni kama maji." Akashika kiti chake. "Lakini usinitaje. Nina watoto, na kazi ndiyo hiyo moja."

"Sitakutaja, dada yangu."

Akamchomelea kiti, akakataa malipo.

*

Dereva wa lori alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye nyumba iliyofagiliwa vizuri na isiyo na sauti ndani yake. Aliwakaribisha Fundi na mama mkwe kwenye kochi pekee lenye mto na yeye akabaki amesimama. Fundi alipomweleza walichokijia, alikunja uso.

"Mwanangu alikuwa na ugonjwa wa moyo," alisema. "Walitueleza. Mama yake alijua akawaficha madaktari. Nina karatasi."

Akaitoa kabatini. Mama mkwe akafungua mkoba wake, akatoa ile aliyoikunja mara nne. Fundi akaziweka sambamba mezani, akasoma moja kwa sauti huku kidole chake kikifuata mistari ya nyingine. Ugonjwa wa moyo wa muda mrefu. Aliwaficha wataalamu alipohojiwa. Imeelezwa, imeelewa, imeridhika. Neno kwa neno, hata koma zilikaa pale pale. Tofauti ilikuwa saini tu: ya dereva ilikuwepo.

"Mwanao alikuwa na miaka mingapi?" mama mkwe aliuliza.

"Saba."

"Wa miaka saba aliwaficha wataalamu alipohojiwa."

Dereva aliinama akaisoma karatasi yake upya, mara moja, mara mbili. Kisha akakaa chini, si kwenye kiti, bali sakafuni pale pale alipokuwa amesimama. Walimwacha. Alipoweza kusema, hakumtaja mtoto.

"Nilimfukuza," alisema. "Mama yake. Nilimwita muuaji. Aliniapia kwamba hakuwa akijua lolote, akanishika miguu, na mimi nikamwonyesha hii karatasi. Nikamwambia, madaktari watakudanganyia nini?"

Mama mkwe alimwekea mkono kichwani kama anavyomwekea mjukuu wake. "Utamfuata," alisema. "Utampigia magoti, na kama akikataa utampigia tena. Ila kwanza tuandike barua tuwashitaki hawa watu."

Barua aliiandika binti wa Fundi, kwenye meza ya chakula, watu wazima watatu wamemzunguka, kila mmoja akimwambia la kuandika. Waliielekeza kwa Baraza la Matabibu, linalosimamia madaktari. Kaka alipopita na kuwakuta, aliingia akaiinamia meza. Akasoma zile karatasi mbili. Hakusema kwamba amekosea, si mtu wa kusema hivyo, lakini alivuta kiti, akamwambia binti, "Hapo usiandike 'tunaomba'. Andika 'tunataka'."

*

Baraza lilikaa katika ukumbi mdogo wa manispaa, chini ya mapangaboi yaliyozunguka kwa kulalamika. Mwenyekiti alikuwa daktari mstaafu, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Upande mmoja aliketi Mganga Mkuu na wakili na fundi wa vifaa wa hospitali. Upande mwingine Fundi, mama mkwe, binti, Kaka na Dereva. Kando ya Dereva aliketi mwanamke mwembamba ambaye hakumsemesha mumewe wala kumtazama, lakini alikuja.

Kwa saa nzima ukumbi ulijaa maneno makubwa makubwa. Kila Fundi alipofungua mdomo, wakili alisema, "Bwana huyu si mtaalamu." Alisema hivyo mara nne. Mara ya tano hakuhitaji kusema, alitabasamu tu.

Kisha Mganga Mkuu akaomba kuonyesha kielelezo. Akatoa mfuko wa plastiki, na ndani yake geji ya mtungi, akaiweka mezani kwa uangalifu kama yai.

"Familia inadai kwamba oksijeni iliisha," alisema. "Mheshimiwa Mwenyekiti, geji yenyewe hii hapa, tuliifungua siku ile ile tukaihifadhi, haijachezewa. Tazameni wenyewe mshale. Nusu. Mtungi nusu ungetosha upasuaji mwingine mzima."

Wajumbe wakanyoosha shingo. Ni kweli, mshale ulikuwa katikati kabisa. Binti alimshika baba yake mkono. Lakini Fundi alikuwa akiitazama ile geji kwa uso wa mtu aliyemwona mwizi akitembea na shati lake. Akanyanyua mkono.

"Bwana huyu si mtaalamu—"

"Nimesikia," Mwenyekiti alimkatiza wakili. "Sema, Fundi."

Fundi alisimama. "Naomba kumuuliza Mganga Mkuu. Hiyo geji sasa hivi imefungwa kwenye mtungi gani?"

"Haijafungwa popote. Iko mezani, unaiona."

"Basi inapima nini?"

Fundi akamgeukia Mwenyekiti.

"Mheshimiwa, mimi sijasoma udaktari. Lakini hii ndiyo kazi yangu, kila siku nafungua na kufunga geji kama hiyo. Geji ni kama mizani ya buchani. Ukikuta mizani haina nyama na inasoma kilo mbili, usinunue, unaibiwa. Geji ikitolewa kwenye mtungi, mshale sharti urudi sifuri. Hii imekaa mezani, haina kitu, inasoma nusu. Ilisoma nusu siku mke wangu alipokuwa hana hewa. Ilisoma nusu mtoto wa huyu bwana alipokuwa hana hewa. Mkiitupa chooni leo itasoma nusu huko huko."

Mtu mmoja nyuma aliguna. Mwenyekiti alivaa miwani, akaitoa geji kwenye mfuko, akaigonga kwa kucha. Akaitikisa karibu na sikio. Akaigonga tena, kwa nguvu. Mshale haukutikisika.

"Wewe ni fundi wa vifaa," alimwambia yule kijana aliyeketi kando ya wakili. "Ni kweli asemayo?"

Kijana alimtazama Mganga Mkuu. Halafu akamtazama yule mwanamke mwembamba. "Ni kweli, Mheshimiwa."

"Na hakuna aliyeripoti kasoro hii?"

"Hakuna," Mganga Mkuu alisema haraka. "Hakuna ripoti yoyote ofisini kwangu."

"Kuna daftari la kasoro la chumba cha pili," Fundi alisema. "Tumeliomba kwenye barua."

"Daftari hilo halipo."

"Lipo."

Sauti ilitoka mlangoni. Muuguzi alikuwa amesimama pale na sare yake nyeupe, ametoka zamu moja kwa moja, kofia bado kichwani. Fundi alitikisa kichwa kumwashiria anyamaze, kwa maana alikuwa amemwahidi, lakini Muuguzi hakuwa akimtazama yeye.

"Lipo ofisi ya matroni, kabati la chini," alisema. "Mwandiko ni wangu. Niliandika mara tatu, na mara ya tatu nilijibiwa."

Mwenyekiti alimtuma karani wa Baraza, akaagiza mtu yeyote asitoke wala kupiga simu. Wakili alipanga karatasi zake, akazipangua, akazipanga. Karani aliporudi na daftari lenye jalada la bluu, Mwenyekiti alifungua, akasoma kwa sauti isiyo na haraka. Tarehe ya kwanza: geji ya chumba cha pili imekwama, naomba ibadilishwe. Tarehe ya pili: geji bado imekwama, ni hatari. Tarehe ya tatu, wiki moja baada ya mtoto wa Dereva kufariki: geji haijabadilishwa, tafadhali chumba kifungwe. Na chini ya hilo, kwa wino mwingine, maneno matatu: *Itumike kwa tahadhari.* Na saini.

Mwenyekiti aligeuza daftari upande wa Mganga Mkuu. "Saini hii ni ya nani?"

Mke wa Dereva ndiye aliyesimama, akapita katikati ya ukumbi mpaka mezani kwa Mganga Mkuu, akasimama mbele yake. Watu walidhani atampiga. Alimtazama tu, muda mrefu, mpaka Mganga Mkuu akainamisha kichwa. Kisha akarudi, na safari hii alipokaa alimwachia mumewe mkono wake aushike.

*

Mganga Mkuu alisimamishwa kazi na shauri lake likapelekwa mahakamani, ambako lingechukua muda wake. Chumba cha pili kilifungwa. Muuguzi aliitwa mara mbili kujieleza kwa nini alizungumza bila kibali, na mara zote mbili alikuta wenzake kumi na zaidi wamejipanga nje ya mlango pamoja naye. Kazi hakufukuzwa.

Barua kwa familia ilikuja baada ya wiki tatu, imechapwa vizuri, ina muhuri. Ilisema hospitali inasikitishwa na "hitilafu ya kifaa isiyotarajiwa". Fundi aliisoma mara moja, akavaa shati, akairudisha.

"Isiyotarajiwa na nani?" alimuuliza kaimu mkuu, daktari kijana aliyepewa kiti kile bado kina joto. "Imeandikwa mara tatu. Na humu hakuna neno hata moja kuhusu ule uongo mliomzulia mke wangu. Chapeni upya. Ninyi si wageni wa kuchapa upya."

Ya pili ilisema "changamoto za kiutendaji". Akairudisha nayo. Kaka alikuwa anamsindikiza sasa, kwa hiari yake, amevaa koti.

Ya tatu waliitwa kuifuata wenyewe. Walikwenda watatu: Fundi, mama mkwe, na binti aliyekuwa ametoka shule. Kaimu mkuu aliwakabidhi kwa mikono miwili. Fundi aliipitisha macho, akapumua, akampa binti yake bila kusema kitu.

Walitoka kupitia ukumbi wa wagonjwa wa nje. Ilikuwa siku ya kliniki. Mabenchi yote yalikuwa yamejaa, watu wamebanana na vyeti vyao mkononi, wengine wamekaa chini. Katikati ya ukumbi mama mkwe akasimama.

"Nisomee," alimwambia mjukuu wake.

"Hapa, Bibi? Na watu wote hawa?"

"Kwani kuna niliyemwambia aondoke? Soma. Usimung'unye maneno."

Binti alimtazama baba yake. Fundi aliitikia kwa kichwa. Basi akaikunjua, na mwanzoni sauti yake ilikuwa nyembamba, inatetemeka, lakini kila mstari ulimpa nguvu ya mstari uliofuata. Alisoma kwamba marehemu hakuwa na ugonjwa wa moyo. Kwamba alijibu kwa ukweli kila swali aliloulizwa, na hakuficha jambo lolote. Kwamba alikufa kwa sababu mtungi wa oksijeni ulikuwa mtupu na geji ilikuwa mbovu. Kwamba hospitali iliarifiwa mara tatu kwa maandishi, na haikufanya kitu. Kwamba maelezo waliyopewa familia yalikuwa ya uongo.

Karani wa mapokezi alikuwa amesimama na muhuri hewani. Mlinzi alisogea hatua moja, akamtambua mama mkwe, akarudi hatua mbili. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akauliza, "Chumba chenyewe ni kipi?" na jirani yake akaanza kumweleza kwa kidole.

Fundi alikuwa akilia waziwazi, bila kujifuta, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Mama mkwe yeye hakulia. Alikuwa ameinua kidevu, anawatazama watu wa benchi la mwisho, kule mbali karibu na mlango, waliokuwa wakinyoosha shingo na kuulizana kimesemwa nini.

"Soma tena, mama," akamwambia mjukuu wake. "Wale wa nyuma hawakusikia."